Maji Ndani ya Kasha

Mzungu mwenye karakana alilegeza skrubu za kasha la shaba, akainua mfuniko, na maji ya bahari yakamwagikia mezani. Ndani, kamera ilikuwa imelowa chepechepe. Kwa kasha hilo la kuikinga kamera na maji alikuwa akizama Mtwara kupiga picha nguzo za gati jipya.

"Nani alilifunga?" akauliza.

Alilifunga Isihaka. Tangu Wazungu waanze mashamba ya karanga Nachingwea, hapakutokea karakanani mle fundi wa kumshinda kwa mikono. Lakini Ijumaa aliyolifunga alikuwa akiwahi msikitini. Alibadilisha mpira wa mfuniko, akaupaka grisi, akakaza skrubu. Hakulizamisha kasha kwenye pipa la maji kulijaribu. Na chembe moja ya mchanga chini ya mpira yatosha kuingiza maji.

"Nililifunga mimi, Bwana," alisema, kisha hofu ikamtia uongo mdomoni. "Ila Eusebio alilifungua tena baada yangu."

Eusebio, fundi aliyefanya naye kazi miaka minne, alimtazama, akainamisha kichwa. Hakujitetea. Alifukuzwa saa ile ile, akarudi kwao Ruponda na mkewe na watoto wanne.

Toka siku hiyo chakula hakikumshuka Isihaka. Kila akisujudu aliuona uso ule ulioinama. Wiki ya tatu alipanda baiskeli alfajiri kwenda Ruponda kusema kweli. Akirudi angeisema na kwa Bwana, potelea mbali hata kibarua chake.

Dionisia, mke wa Eusebio, alimtandikia mkeka, akamwekea mihogo ya kuchemsha. Watoto wakaja mmoja mmoja kumwamkia, na kila shikamoo ilimchoma. Mihogo hakuigusa.

Eusebio alitoka shambani, jembe begani. Alimpa mkono bila kumtazama, akaketi ukingoni mwa mkeka. Isihaka alikuwa ameyapanga maneno njia nzima.

"Ndugu yangu, nimekuja..."

"Ngoja, fundi. Nianze mimi, maana wa kukufuata nilikuwa mimi, nikaona haya." Eusebio alifikicha udongo viganjani. "Nisamehe. Ulipokwenda kuswali nilitamani kuiona ile kamera ilivyokaa mle ndani. Nikalifungua kasha kidogo tu, nikalifunga tena. Sikujua kama ulikuwa unaniona."