Rangi Inayotemwa

Profesa alinishika kisogo, akanigonga uso kwenye hadubini mpaka pua ikachuruzika damu.

“Tazama tena. Seli za kinga zilizopata dawa yangu zimeshika rangi, mitokondria, vinu vyake vya nguvu, zinawaka. Zisizopata, giza tupu. Unathubutuje kusema haifanyi kazi?”

“Seli zenye afya huitema rangi, Mzee. Dawa yako imeziba tu njia ya kutemea. Na hizo zilizokuwa za giza nimeziziba pia asubuhi hii, kwa dawa nyingine kabisa, isiyotibu chochote. Tazama mwenyewe.”

Alinisukuma sakafuni, akainama. Nilijua anachokiona: zote zinawaka sawasawa.

Alipoinuka, damu yangu ilikuwa imemchora duara jichoni. Akaipiga hadubini ngumi, tena na tena, vioo vikimchana vidole.

“Binti yangu,” alisema, “nimemwachisha dawa nyingine zote, anatumia hii tu.”