Jina la Pili kwenye Orodha

Mama Wivine alisimama mlangoni akaliita jina mara ya tatu. "Ngoy Mwadi!" Hakuna aliyejibu. Ukumbi ulikuwa mtupu, na nyuma ya jengo wamama walikuwa wakiimba na kupiga filimbi, hata sauti yake mwenyewe hakuisikia vizuri.

Wale walikuwa watu wa Stéphane, jina la kwanza kwenye orodha. Alikuwa ametoka chumba cha mtihani punde tu, amefaulu, na kama ilivyo desturi Kolwezi, jamaa zake walikuwa wakimmwagia poda nyeupe kichwani.

Kwa miaka kumi na tisa Mama Wivine alikuwa sekretari wa idara ya uhandisi wa migodi, na sheria aliijua kama sala ya asubuhi. Anayetaka kuanza shahada ya udaktari anaandika mitihani miwili, kisha anasimama mbele ya maprofesa watatu wamuulize kwa mdomo. Kwa huo wa mdomo anapewa tarehe mbili tu. Akikosa ya kwanza, anangoja ya pili. Akikosa ya pili, jina lake linafutwa, na hakuna pa kulalamika.

Ngoy Mwadi alikosa ya kwanza. Treni ilikwama siku mbili huko Lubudi.

Mitihani ya kuandika aliifanyia Lubumbashi, kwa hiyo hapa idarani hakuna aliyemjua kwa sura, na picha ya kwenye faili ilikuwa fotokopi nyeusi tupu. Lakini alama zake zilifika kwa bahasha. Siku ile Mama Wivine alipozinakili, alisimama kidogo, akaweka kalamu chini, akazisoma tena. Hakuwa amewahi kunakili alama kama zile. Tangu hapo Mwadi akawa kama mtoto wake. Ilipokosekana karatasi moja kwenye faili, alipanda pikipiki mwenyewe kwenda kuitafuta.

Leo, tarehe ya pili, alikuja mapema, akafagia chumba, akaweka glasi ya maji mezani kwa mtahiniwa, maana wengine huwawekea maprofesa tu. Kwenye ngazi za nje alimkuta mama mmoja mtu mzima, amejifunga kikwembe kipya kiunoni, mfuko mapajani. Yule mama alisimama kwa heshima.

"Mi nimekuya juu ya ekzame, mama."

"Najua, mama. Karibu. Uikale kule nyuma na benzako, kuko kivuli. Saa ikifika, tutakuita."

Alimshika mkono akampeleka mwenyewe. Vidole vya yule mama vilikuwa na makovu meupe, kama ya wamama wanaoosha mawe ya shaba mtoni, na Mama Wivine aliwaza ni magunia mangapi yameoshwa mpaka Stéphane akafika hapa. Akamletea chai na mkate. Baadaye alipochungulia, alimwona ameketi katikati ya watu wa Stéphane, midomo ikicheza bila sauti, akihesabu kwa vidole. Anamwombea mtoto, Mama Wivine alijisemea, na yeye akaongeza sala yake fupi kwa ajili ya Mwadi.

Basi alipoita mara tatu bila jibu, alizunguka nyuma kuangalia. Hakuona kijana yeyote mwenye faili. Wamama tu, na poda hewani. Yule mama wa kikwembe kipya alikuwa akimpigia Stéphane makofi kama wengine.

Alirudi ndani akawaomba maprofesa wangoje. Profesa Mulumba, aliyeongoza mtihani, alikuwa na safari ya kurudi Lubumbashi. Alimtazama juu ya miwani.

"Huyu Mwadi ni wa famiya yako, mama?"

"Hapana, Profesa. Nusu saa tu, tafadhali."

Wakampa nusu saa. Alimpigia Mwadi simu mara saba. Ilikuwa imezimwa, kama tangazo la mtihani linavyoagiza, tangazo ambalo alilichapa yeye. Mara mbili alikimbia hadi getini. Pikipiki zilipita zimebeba vijana, wala hakuna iliyosimama. Aliporudi mara ya pili, yule mama wa kikwembe aliinuka nusu, akamtazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Mama Wivine, pamoja na haraka yake, alimtabasamia, akamwonyesha kwa kiganja akae, apumzike, asiwe na wasiwasi.

Nusu saa ikaisha.

"Vijana wa siku hizi," Profesa Mulumba alisema, akikusanya karatasi zake. "Uandike, mama."

Aliandika kwa mkono wake: Hakufika. Watatu wakatia sahihi, naye akagonga muhuri. Gari la profesa lilitoka getini, na nyuma yake yakafuata magari ya watu wa Stéphane, yakipiga honi mpaka barabara kubwa.

Mama Wivine alikunywa yale maji ya mtahiniwa. Kisha akachukua ufagio kwenda kuondoa poda kule nyuma.

Yule mama alikuwa bado ameketi palepale, peke yake. Uchungu ukampanda Mama Wivine. Hata siku ya furaha, wamemsahau mwenye mikono ile.

"Mama, Stéphane na benzako bameshaenda. Bamekuacha?"

"Si benzangu, mama. Lakini ni bantu bazuri, bamenipa hata Fanta." Yule mama alisimama, akajipangusa poda mabegani, akanyoosha kikwembe chake. "Mi njo Ngoy Mwadi. Banaanza sasa?"