Nyumba ya Msimamizi

Siku mume wangu Ambilikile alipoapishwa kuwa msimamizi wa soko la umeme, mafundi walikuja kukata nyaya za nyumba yetu. Sheria inataka msimamizi na familia yake wasiguse umeme wa kampuni yoyote, wasije wakaipendelea. Majirani walipiga makofi. Wao wana kampuni kumi na moja za kuchagua.

Tulizoea. Napika kwa mkaa, napiga pasi ya mkaa. Nikialikwa kwa watu, nakaa barazani.

Jana alasiri pumu ilimbana Atupele, binti yetu wa miaka sita. Nikambeba kwenda kwa jirani, Mama Doreen, mwenye mashine ya kuvutia dawa. Ambilikile alikuwa amesimama getini. Hakunizuia. Aligeuka tu, asione.

“Mlete hapa haraka,” alisema Mama Doreen, akachomeka waya ukutani.

Mashine ikaanza kunguruma. Nikamsogezea mtoto maski. Akautazama ule waya, akaisukuma maski kwa mkono, kifua kikipanda na kushuka.

“Mama,” alisema kwa shida, “tutawapendelea.”

Mama Doreen alinitazama, akingoja nimwambie mtoto kitu. Na mimi nilikuwa nautazama waya.