Zamu ya Besi

Jumapili ya tisa katika wodi ya kifua kikuu, Semisi alimaliza kulegeza wavu wa dirisha kwa mpini wa kijiko. Mlango ulifungwa kwa nje. Leo angekwenda kuwakumbatia wanawe, ingawa daktari alisema atawaambukiza.

Kengele za makanisa ya Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, zikalia. Akashika wavu, na kwa mazoea tu akaanza kuimba besi yake ya kwayani. Alipofika pale wanaume wanapowaachia akina mama wimbo, akanyamaza.

Ng'ambo ya ukuta, ambako kila siku alisikia kikohozi tu, sauti ya kizee ikaidaka sehemu ya akina mama. "Hata humu, Bwana, upo." Ikapanda, ikakatwa na kikohozi, ikapanda tena mpaka mwisho wa ubeti.

Kisha ikatua, ikingoja besi. Kidole cha Semisi kilikuwa kimenasa kwenye wavu, kutu imeingia hadi chini ya ukucha.

"Wee besi!" bibi akafoka. "Umelala? Mwenzio nina pafu moja, halafu unaniweka nikingoja! Ingia, bwana!"

Semisi akakichomoa kidole, akavuta pumzi, akaingia na besi yake.