Karatasi ya Pili

Kila Jumatatu Salha alitoa takwimu za wiki kwenye kompyuta, akachora kwenye karatasi ya ukutani mstari wa idadi ya wateja wapya wa programu yake ya simu ya kukodisha mapambo ya harusi. Wiki hii mstari uliporomoka hadi chini kabisa.

"Tuiuze kabla haijafa, dada," alisema Deo, mshirika wake aliyehamia mjini juzijuzi tu. "Mnunuzi anakuja sasa hivi."

Salha akacheka. "Huku kwetu umemwona nani akioa mwezi wa mfungo? Ngoja Idi ipite, maharusi watatukimbiza!"

Hodi ikabishwa. Salha hakwenda kufungua. Alikuwa amepanda juu ya kiti, akibandika karatasi ya pili ukutani, kuanzia pale ile ya kwanza ilipoishia juu, ili mstari upate pa kupandia.