Karibu Shemsa

Mama Kombo wa nyumba ya pili anadai kompyuta ya Shemsa ina jini. Alikwenda dukani kwake kutiliwa nyimbo za harusi ya mwanawe kwenye flashi, akaona kwa macho yake: kila wimbo ukifunguliwa, marehemu Mbwana anamkaribisha mkewe.

"Jini gani, shoga!" Shemsa alicheka. "Ni programu yake ya zamani. Aliandika mwenyewe pale juu, 'Karibu Shemsa', siku aliyonifundisha kushika mausi."

Lakini programu ilikuwa imechoka. Nyimbo zilikwama katikati, wateja wakahamia duka la ng'ambo ya barabara. Ndipo akamwita Raya, mtoto wa kaka yake.

"Sifuti kitu, shangazi. Mjomba Mbwana aliiambia kompyuta kila wimbo ufunguliwe na programu hii tu. Naondoa agizo hilo, na natia programu mpya."

Akabofya kidogo, akamwachia kiti.

Shemsa akafungua wimbo ambao Mbwana alikuwa akiupigia mluzi akifagia duka. Hakukaribishwa. Kilitokea kidirisha cheupe, kikimuuliza wimbo ufunguliwe na nini. Programu mpya ilikuwa juu. Ya Mbwana ilikuwa chini kabisa, kama mgeni aliyekaa karibu na mlango.

"Chagua ile mpya, shangazi, iwe ya siku zote."

"Fanya upesi, shoga, harusi kesho!" Mama Kombo alisema kutoka barazani.

Shemsa alishika ncha ya kanga, akapangusa kioo taratibu, pale juu palipokuwa na jina lake. Kidirisha bado kilikuwa kinauliza.