Kiti cha Warina Asali

Sagiro alikuwa mtu wa kwanza wa jamii yake ya warina asali kuketi bungeni. Siku hiyo aliwasihi wabunge wasipitishe sheria ya kuwahamisha watu wake msituni. Wakampigia makofi. Ulipofika wakati wa kupiga kura, naye akanyoosha mkono. Karani akamwinamia, akaushusha taratibu.

“Samahani, mzee. Kiti chako ni cha kutoa maoni tu. Hakina kura.”

Sheria ikapita. Karani akamletea karatasi.

“Weka sahihi hapa, ionekane kwamba jamii yako ilishirikishwa.”

“Na nikikataa?”

“Hata ukikataa, mzee, ulikuwepo. Wote wamekuona.”

Sagiro akabaki amesimama, kalamu mkononi. Mlangoni wapiga picha walikuwa wakimwita kwa jina, wakimwomba atabasamu.